Kisanduku cha Umeme wa Akiba

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Nimefungua ofisi saa mbili. Umeme upo. Nimefagia, nimepangusa kompyuta, nimekunja kitambaa chake cha kudarizi. Barua mbili za kuomba kazi kiwanda cha samaki kabla hata sijanywa chai. Wateja wote wawili wametaka niandike kuwa wana uzoefu mkubwa. Uzoefu wa nini, sijui. Wa kula sangara, labda. Nimeandika.

Mgao umerudi. Mwanzoni tulikuwa tunatangaziwa redioni, siku hizi tunasikia tu feni ya Mama Zuhura imenyamaza. Yeye ana saluni chumba cha mbele, mimi nina chumba cha nyuma. Akipiga kelele "Wameshachukua!" najua kazi yangu imekwenda nao, kama sikuwahi kuisevu kwenye disketi.

Mchana ameingia mwalimu mkuu wa sekondari moja ya binafsi kule Bunda, na bahasha nene kwapani. Mitihani ya muhula, kidato cha kwanza hadi cha tatu, masomo yote. Anataka ichapwe kwa kompyuta, wazazi waone shule ni ya kisasa. Ijumaa ya tarehe 25 iwe mezani kwake. Ikipendeza, mitihani ya kila muhula ni yangu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Walipotupunguza kiwanda cha nguo nilidhani ndiyo mwisho wa mimi kuitwa katibu muhtasi. Leo nimefurahi mpaka nimemnunulia Mama Zuhura soda.

Jumatano, 9 Novemba

Wambura amekuja kutoka kijijini Buswahili. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na akija mjini huwa hajaja kutembea. Mtoto wake anataka kuoa. Wakwe wanataka ng'ombe, na ugonjwa wa ndigana umepita kwenye zizi lake mwaka huu kama moto. Amekula, ameshukuru, kisha akageuka kunitazama.

"Shemeji, ile mashine yako pale Kitaji, ikiuzwa si inatoa ng'ombe?"

Nilitaka kumwagia maji ya kunawa. Ile mashine nimeinunua kwa kiinua mgongo changu, kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Miaka kumi na miwili ya kuchapa barua za mameneja. Lakini kwa Wambura cha mke ni cha ukoo, na ukoo unaoa. Niliondoa vyombo kwa kelele.

Magesa, mume wangu, akachokonoa meno kwa muda mrefu. Mwishowe akasema tungoje mwezi uishe. Kazi ya Bunda ikitoka vizuri na ikawa ya kudumu, mashine ibaki. Isipotoka, tutazungumza tena. Wambura amekubali na amelala usingizi mzuri. Mimi nimemkasirikia mume wangu. Mtu gani hakubali wala hakatai.

Alhamisi, 10 Novemba

Umeme umekatika saa nne. Ukurasa mzima wa Hisabati umepotea, pembetatu na kila kitu.

Ndipo nikakumbuka kile kisanduku cheusi. Padri alinipa pamoja na kompyuta. Kizito kama jiwe la kusagia. Mimi nilidhani ni stabilaiza iliyokufa, na tangu Julai nimekitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo wa ziwa. Leo nimekipangusa na kusoma mgongoni: UPS. Kitabu chake kilikuwa chini ya sanduku la karatasi, cha Kiingereza. Ukurasa wa kwanza unasema kinatoa umeme usiokatizwa. Nikakifunga kitabu hapohapo. Nilikuwa na haja gani ya ukurasa wa pili?

Umeme uliporudi nikachomeka kisanduku ukutani, kompyuta nikaichomeka kwenye kisanduku. Taa ya kijani ikawaka. Mama Zuhura akaja kushuhudia.

"Hiyo ni jenereta, Mama Neema?"

"Ni zaidi," nikamwambia.

Jumamosi, 12 Novemba

Wingu limepanda kutoka ziwani saa tisa. Mtaa mzima ukachomoa waya. Hakuna anayefikiri, mikono inakwenda yenyewe. Mtoto wa Musoma anajua kuchomoa redio kabla hajajua kusoma. Tunaogopa radi, na tunaogopa zaidi umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa sababu unarudi na hasira. Mwaka jana umeondoka na friji ya jirani na televisheni ya baa.

Kisanduku nimekichomoa pia. Nakichomoa kila jioni ninapofunga, nakizima na asubuhi nisipokuwa na kazi, kisije kikachoka bure. Kipya kwangu, nakitunza. Nimekifumia na kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kinafunika mpaka chini. Chumba kimependeza.

Fizikia imekamilika. Kemia nusu.

Jumanne, 15 Novemba

Nina hasira hata kalamu inakwama.

Nilikuwa kwenye Baiolojia. Chura, mapafu yake, moyo wake, vyote nimeshavichapa. "Wameshachukua!" Kwa mara ya kwanza sikushtuka. Nikatabasamu. Kisanduku kikalia pii, mara moja tu, kama kifaranga aliyekanyagwa, na kioo kikawa cheusi. Sikuwa nimesevu tangu asubuhi. Ningesevu ya nini, na mimi nina umeme usiokatizwa?

Nimekipiga teke. Kidole kimevimba.

Magesa aliporudi zamu nikamweleza. Akakiinua, akakitikisa sikioni. Akasema betri imelala tu. Itolewe juani.

Jumatano, 16 Novemba

Tumekianika.

Naandika hili kwa aibu, ila ndivyo ilivyokuwa. Nani hapa mjini hajawahi kuanika betri za redio? Zinapolegea unazipanga kwenye bati, jioni unasikiliza taarifa ya habari. Magesa alipanda kwa ngazi kabla ya zamu, akakiweka juu ya paa la jiko, karibu na dagaa zangu. Mama Zuhura akapita na kushauri kigeuzwe upande wa pili, kipate jua sawasawa. Nikapanda nikakigeuza.

Jioni nimekijaribu kwa kuchomoa ukutani. Pii. Kimekufa vilevile, na sasa kinanuka dagaa.

Alhamisi, 17 Novemba

Mgao tangu asubuhi, hakuna kazi. Nimekaa mlangoni na kile kitabu na kamusi ya Neema, binti yetu aliye bwenini. Nimekisoma chote. Kiingereza cha kidato cha nne kimenitoa jasho, lakini nimekielewa, na nataka kuyaandika hapa kwa maneno yangu nisije nikasahau.

Kwanza, hakizalishi chochote. Ndani mna betri, ndugu ya betri ya gari, haimo kabisa katika ukoo wa betri za tochi. Inakula umeme wa ukutani na kuuweka. Kuula huko ndiko kuchaji, na inataka saa nyingi, siku nzima hasa kama ilikaa bila kazi. Na ilikaa tangu Julai ikizuia mlango! Kitabu kinasema kisichomolewe kamwe, mchana na usiku, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mimi nilikuwa nakichomoa kila jioni kwa kukihurumia. Nilikuwa namnyima mtoto chakula ili asichoke kutafuna.

Jua halikisaidii, linakiharibu. Joto ni adui wake. Kina matundu ya kupumulia ubavuni, yaleyale niliyoyafunika kwa kitambaa cha maua.

Kuna neno inveta. Umeme wa betri si wa aina ya ukutani, kwa hiyo kuna kifaa ndani kinachoubadilisha ili kompyuta iweze kuupokea. Hicho ndicho inveta. Kuna neno saji. Hiyo ni ile hasira ya umeme unaporudi, na kisanduku kinaikata kabla haijafika kwenye mashine. Radi ikipiga karibu kabisa, hata chenyewe hakiahidi kitu. Nimelipenda hilo, kitabu kisichojisifu. Kuna lodi, yaani vile vyote ulivyokitwisha kwa wakati mmoja. Vikizidi nguvu zake, hiyo ni ovalodi, na kitapiga kelele.

Neno lililonikalisha chini ni bakap. Kitabu kinataja dakika za bakap. Dakika! Mimi nilielewa ni kufanya kazi mpaka umeme urudi. Kumbe ni muda wa kumaliza sentensi, kusevu, na kuizima mashine kwa heshima. Basi. Hakikupi umeme, kinakupa nafasi ya kufunga.

Nimevunjika moyo kidogo. Kisha nimekuwa sawa. Afadhali kujua.

Ijumaa, 18 Novemba

Umeme ulirudi jana alasiri. Nimekichomeka, nimeondoa kitambaa, nimeenda nyumbani nikakiacha hivyohivyo. Mikono iliniwasha njia nzima. Usiku mvua imenyesha, radi moja mbali, upande wa ziwani. Nimelala macho wazi. Magesa ameniuliza naumwa nini. Nimemwambia nimeacha kitu kwenye umeme. Akashangaa kana kwamba nimemwambia nimeacha mtoto barabarani.

Asubuhi nimefungua mlango kwa kunyata. Taa ya kijani. Kila kitu kizima.

Nimeanza Baiolojia upya. Chura huyu namjua sasa kuliko mwalimu wake.

Jumamosi, 19 Novemba

Bibi harusi yuko saluni, kichwa kimejaa rola na dawa ya kalikiti ya kukunja nywele. Umeme ukakatika. Nikasevu, na nilikuwa nazima vizuri kama kitabu kinavyosema, Mama Zuhura akaingia mbio na drayer mkononi. Sikuwahi kumzuia. Akachomoa waya wangu, akachomeka wake kwenye kisanduku.

Kikalia kelele moja ndefu isiyo na pumzi. Saluni nzima ikatoka nje, rola zikianguka. Mama Zuhura akatupa drayer na kutaja jina la Mungu mara nyingi.

"Mama Neema, mbona hukuniambia inaliaga hivi?"

"Hiyo ni ovalodi," nikamwambia, na nilijisikia profesa. Drayer moja inakula kuliko kompyuta kadhaa. Nimemweleza yote, amesikiliza, akasema basi hicho kisanduku ni kichoyo. Bibi harusi amekaushwa juani. Kisanduku hakikudhurika. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jumanne, 22 Novemba

Wambura ametokea ofisini bila taarifa. Anasema alileta ngozi sokoni, akaona apite. Uongo mtupu, amekuja kumtazama ng'ombe wake ndani ya mashine yangu. Nimempa kiti. Nilikuwa katikati ya Jiografia.

Ikawa kama nimepanga. Feni ya mbele ikanyamaza, Mama Zuhura akapiga kelele yake. Kioo changu kikabaki kinang'aa. Kisanduku kikawa kinalia taratibu, pii, kikanyamaza, pii tena. Nikamaliza sentensi ya mito ya Afrika. Nikasevu. Nikatoa disketi. Nikazima. Sikuharakisha hata kidogo, na moyo ulikuwa unapiga kwa furaha.

Wambura akakitazama kioo. Kisha akasema:

"Kwa hiyo imezima."

"Imezima, shemeji, lakini kazi yangu haikupotea."

"Ila imezima."

Nikamweleza betri, nikamweleza dakika. Alisikiliza vizuri, si mtu mjinga. Akauliza zikiisha hizo dakika kinatoa nini. Nikasema hakitoi kitu mpaka umeme urudi kikachaji. Akatikisa kichwa pole pole, akiniangalia kwa huruma. Akasema ng'ombe anakamuliwaga asubuhi na jioni, hata mgao uwepo. Hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 24 Novemba

Hakuna umeme tangu jana alfajiri. Wanasema nguzo imeanguka njia ya Bunda, wengine wanasema ni mgao tu. Masomo yote yameshatoka kwenye printa isipokuwa Historia ya kidato cha tatu. Kesho ndiyo Ijumaa.

Niliwasha kwa bakap, nikachapa swali la kwanza na la pili, kisanduku kikaanza kulia haraka haraka. Nikazima. Sikukilaumu. Kimefanya kazi yake, siku nzima si kazi yake.

Nimekaa na kuogopa. Kisha nimeinuka nikaenda Buhare kwa miguu, ofisi ya kanisa. Wana taipureta, ileile aina niliyoanzia kazi. Katibu wa kanisa amenikalisha pembeni ya dirisha na karatasi safi. Vidole havijasahau. Vimeuma, lakini havijasahau. Historia imekwisha jua likiwa bado juu. Herufi zake ni za kizamani, o zote zimejaa wino. Itaonekana tofauti na nyingine. Na iwe.

Ijumaa, 25 Novemba

Bunda na kurudi. Mwalimu mkuu ameipokea bahasha, ameikagua karatasi kwa karatasi huku mimi nimesimama kama mwanafunzi. Kwenye Historia akasimama. Nikamwambia ukweli. Akaitazama tena, akasema haina makosa hata moja, na watoto wa historia wavumilie vitu vya kale. Muhula ujao niende kuchukua nyingine. Na muhula unaofuata.

Niliporudi nimemwambia Mama Zuhura kabla sijamwambia mume wangu. Tumeshikana mikono tukaruka ruka kama watoto. Mashine inabaki.

Jumamosi, 26 Novemba

Mdomo wangu huu.

Wambura amekuja kusikia. Mimi kwa furaha nikasimulia kila kitu tangu mwanzo, nguzo, kisanduku kilivyolia, Buhare, taipureta ya kanisa, jinsi mwalimu mkuu alivyosifu. Nilitaka aone nilivyohangaika. Aliona.

"Kumbe taipureta inatosha," akasema.

Mtoto wa mtu anaoa au haoi, wazee wa upande wa pili wanangoja, na mimi nimethibitisha kwa ulimi wangu mwenyewe kuwa mashine ya kanisa inaweza kazi yangu. Ningemwambia nini, kwamba o zake zinajaa wino?

Nikamtazama Magesa. Nilijua atachokonoa meno. Akaweka kikombe chini.

"Mashine ya mke wangu haiuzwi," akasema. "Chukua yule mwekundu wangu."

Yule mwekundu ni ng'ombe wake wa pekee. Yupo kwenye zizi la Wambura, ukoo wa ng'ombe ambaye marehemu mama mkwe alimwachia. Kila akipata mapumziko Magesa huenda Buswahili, anasema anakwenda kumsalimia kaka. Kaka hasalimiwi kwa saa tatu zizini. Wambura akamuuliza kwa lugha yao, kwa upole, kama ana hakika. Magesa akajibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. Ana hakika.

Nimemuuliza baadaye kwa nini. Amesema aliniona nikisoma kile kitabu na kamusi, jasho linatoka.

Jumapili, 4 Desemba

Tumekwenda Buswahili, mimi na Magesa. Sikulazimika kwenda. Nilitaka.

Vijana wa upande wa bibi harusi walikuwa wameshafika kuchukua ng'ombe. Magesa aliingia zizini peke yake. Alimtoa yule mwekundu kupe masikioni, mmoja mmoja, akawaponda kwa kucha. Hakuna aliyemharakisha. Wambura alisimama mbali na kofia mkononi. Kisha kamba ikafungwa, wakaondoka njia ya bondeni. Yule mwekundu aligoma kidogo mlangoni, akapigwa fimbo ya mgongo, akafuata wenzake.

Tumekula ubwabwa. Shangazi wote wamenishukuru kama ni mimi niliyetoa. Nimeona haya.

Kwenye kurudi tumepata gari la mkaa mpaka Butiama, hapo tukakaa kwenye jiwe kungoja jingine la Musoma. Upepo mzuri. Magesa ameniuliza muhula ujao nitaanza lini. Nimemwambia Februari. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba yule mwekundu alikuwa na mimba.

Wambura alijua. Watu wote pale zizini walijua. Nimemshika mkono, hapo barabarani, watu wakipita, na hakuutoa.